Kuku Analala Kwenye Kiota? Anza Kwa Kukagua Ufito

Ingia bandani usiku, nusu saa baada ya giza kuingia, ukiwa na tochi yenye mwanga hafifu. Leo usihesabu kuku, tazama tu nani amelala wapi. Wengi wako juu ya fito walizowekewa walalie, wamekaa bega kwa bega. Wawili watatu wamejikunyata kwenye kona juu ya maranda. Na ndani ya viota, pale unapotarajia kuokota mayai safi kesho asubuhi, kuna mitetea wanne wamejaa kinyesi hadi kifuani.

Mfugaji wa banda kama hilo huniambia, "Kuku wangu hawataki kupanda." Nikikagua, mara nyingi nakuta wanataka sana, ila kuna kitu kinawazuia. Asili ya kuku wetu wote ni kuku wa porini wa Asia, ambao mpaka leo hulala juu ya miti. Kukiingia giza macho ya kuku hayamsaidii kitu, na usalama wake ni kuwa juu kabla giza halijamkuta. Kwa hiyo anayelala chini tafuta kwanza kilichomzuia, ndipo umfundishe.

Msichukulie jambo hili kuwa dogo. Kuku hunya sana usiku, na aliye sakafuni hulalia uchafu huo mpaka asubuhi. Manyoya ya kifua yanalowa, hewa kali ya amonia inayotoka kwenye maranda mabichi inamchoma macho na kifua, na vimelea vya kuhara damu vinakuwa karibu na mdomo wake kila anapodonoa. Aliyelala kiotani naye anachafua kitanda cha mayai. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno, na uchafu mbichi ukigusa yai ambalo bado lina joto, vijidudu hupenya ndani. Kulifuta baadaye hakurudishi usafi huo.

Kosa ninalolikuta kuliko yote ni viota kuwa juu kuliko fito. Kuku hutafuta mahali pa juu kabisa bandani, na akikuta ukingo wa kiota ndio wa juu, atalala hapo. Shusha viota au pandisha fito, na uweke paa la mteremko mkali juu ya viota ili pasikalike. Nimeona mabanda ambayo badiliko hilo moja lilitosha.

Kisha shika ufito wenyewe kwa mkono. Ukizunguka au kucheza, kuku hawezi kuuamini, kwa hiyo ukaze kwa misumari au uuchongee kitako. Upana wa sentimita 4 hadi 5 unafaa kuku wa kawaida, na kingo ziwe zimelainishwa zisimchubue nyayo, kwa sababu kidonda cha unyayo huvimba na kuchukua muda mrefu kupona. Mti ni bora kuliko bomba la chuma, ambalo huteleza na kuwa baridi usiku. Kila kuku apate sentimita 15 hadi 20 za urefu wa ufito, na wenye miili mikubwa uwape 25. Kati ya ufito na ufito acha sentimita 30, na ule wa mwisho usigusane na ukuta, ili mkia upate nafasi.

Kuhusu kimo, msishindane kujenga juu. Ufito ukizidi mita moja weka ngazi ya fito za chini ili wapande na kushuka kwa hatua. Kuku anayejitupa kutoka juu sana kila alfajiri anaweza kuvunja mfupa wa kidari. Kuku wazito watosheke na sentimita 30 hadi 45. Na kama wababe wanawafukuza wanyonge kutoka ufito wa juu, weka fito nyingi za kimo kimoja. Ugomvi hupungua pakiwa hapana cha kugombea.

Kuna hali moja inayonitia wasiwasi zaidi: kuku waliokuwa wakipanda vizuri, halafu ghafla wakaacha. Hapo shuku utitiri mwekundu. Mchana hujificha kwenye nyufa na maungio ya mbao, usiku hutoka kunyonya damu ya kuku aliyelala. Chukua kitambaa cheupe, pitisha kwa nguvu upande wa chini wa ufito usiku huo huo. Ukiona michirizi myekundu, hiyo ni damu ya kuku wako. Toa fito zote nje, zikwangue, zimwagie maji yanayochemka, ziba nyufa, na umuulize mtaalamu wa mifugo dawa inayoruhusiwa kwa kuku wanaotaga. Usiridhike na kupulizia mara moja, kwa sababu utitiri unaweza kuishi miezi kadhaa bila kunyonya, ukisubiri.

Fito zikishakuwa sawa, ndipo kufundisha. Vifaranga ndio wepesi: wawekee kijiti sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni kuanzia wiki ya pili au ya tatu, watacheza nacho mpaka kiwe kitanda. Aliyefikia umri wa kutaga bila kuona ufito atahitaji mikono yako. Mara tu giza linapoingia, mbane mabawa kwa mikono miwili, mwinue taratibu, sogeza kifua chake mpaka kiguse ufito. Ataunyanyulia mguu mmoja, kisha wa pili. Usimwachie hapo hapo. Subiri uhisi uzito wake umehamia kwenye nyayo. Gizani hatashuka. Rudia kila jioni kwa wiki moja au mbili, na wengi watakuwa wamejifunza.

Katika siku hizo funga viota saa za alasiri, baada ya kuhakikisha hakuna anayetaga ndani, na uvifungue kabla ya mapambazuko, maana mayai mengi hutagwa asubuhi. Kama unatumia taa, usiizime kwa ghafla. Kuku wanaokutwa na giza la ghafla wakiwa sakafuni hubaki hapo hapo. Ipunguze kidogo kidogo, au acha mwanga wa asili ndio uwaage.

Usimlazimishe anayeatamia, kiota ni pake kwa sasa. Anayebadilisha manyoya naye mvumilie, manyoya machanga humuuma akibanwa na wenzake. Lakini aliyekuwa akilala juu na sasa yuko chini peke yake, amevimbisha manyoya, huyo anaumwa. Mtenge, mkague miguu, uzito na kinyesi usiku huo huo.

Asubuhi kabla ya kufagia, tazama kinyesi chini ya fito. Kikiwa kimejipanga mstari mmoja mrefu, wamelala vizuri. Palipokatika mstari, inua macho: hapo juu pana upepo unaopenya, au msumari uliojitokeza, au ufito umelegea.