Jinsi ya kumrekodi mwimbaji wa jadi aliyenyamaza miaka mingi

Anayetaka kumrekodi mwimbaji wa nyimbo za jadi ambaye hajaimba hadharani kwa miongo kadhaa hana budi kuanza na kazi isiyohitaji mtambo wowote, nayo ni kujua kilichomnyamazisha. Shirley Collins, mwimbaji wa Uingereza aliyezaliwa Hastings mwaka 1935, hakuacha kuimba kwa kuchokwa na wasikilizaji. Ndoa yake ilipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1970, sauti ilianza kumkwama kooni mbele ya watu, hali ambayo madaktari huiita disfonia. Baada ya albamu ya mwaka 1978 aliyoifanya pamoja na dada yake Dolly, ilipita miaka 38 kabla ya albamu yake mpya, Lodestar, kutoka mwaka 2016, naye akiwa na umri wa miaka 81.

Mtu aliyepitia hayo hawekewi maikrofoni siku ya kwanza. Ziara za mwanzo ziwe za mazungumzo: muulize kila wimbo aliupata kwa nani, na akianza kuuimba kwa sauti ya chini, usimkatize wala usitoe simu mfukoni. Baadaye mtafutie hadhira ndogo. Collins alirudi jukwaani mwaka 2014 katika ukumbi wa Union Chapel, London, baada ya mwanamuziki David Tibet kumsihi kwa muda mrefu, na usiku ule aliimba nyimbo mbili tu. Mbili zinatosha kabisa, na afadhali hadhira ibaki na hamu kuliko mwimbaji aondoke na hofu.

Mahali pa kurekodia pachaguliwe kwa kumfuata mwimbaji. Kwa kuwa Collins aliogopa kuimba studio mbele ya watu asiowazoea, Lodestar ilirekodiwa nyumbani kwake Lewes, mji wa kusini mwa Uingereza, akiwa na mpiga gita Ian Kearey pamoja na wanamuziki Ossian Brown na Stephen Thrower. Tafuta chumba chenye zulia, mapazia na godoro, kwa maana kuta tupu hurudisha mwangwi ambao hutaweza kuuondoa baadaye. Zima jokofu na feni, na kama paa ni la bati, usipange kazi msimu wa mvua. Maikrofoni ikae umbali wa shibiri moja hivi kutoka mdomoni, imeelekezwa pembeni kidogo ili pumzi za herufi p na b zisiipige moja kwa moja. Rekodi katika faili za WAV (faili za sauti zisizobanwa) za biti 24, na uache nafasi ya desibeli 12 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) chini ya kikomo ambacho sauti ikikivuka huharibika, kwa sababu mwimbaji anayerejea huanza kwa woga kisha, pasipo kukuonya, sauti humfunguka. Kelele ndogo za nje zisikukoseshe raha, kwani hata katika wimbo mmoja wa Lodestar ndege wanasikika wakilia. Jogoo wa jirani ni kesi nyingine.

Wengi huharibu kazi wanapofika kwenye kimo cha sauti. Collins wa ujana alikuwa na sauti nyepesi ya juu, ilhali ya Lodestar ni nzito na imeshuka sana, kiasi kwamba msikilizaji aliyekuja kutafuta zilipendwa atashtuka. Kwa hiyo usimpigie mzee kanda yake ya zamani ili aifuate. Mwache aanze peke yake bila ala, kwa siku mbili tatu tofauti, upate kimo ambacho koo lake linakichagua lenyewe, ndipo nyuzi za gita au zeze zikazwe kumfuata yeye. Programu za kunyoosha sauti mimi nazikataa katika kazi ya namna hii: mkwaruzo wa mzee anayeimba habari za kifo ni sehemu ya habari yenyewe. Maneno yakimezwa, aimbe ubeti upya mara moja au mbili, na baada ya saa moja funga kazi hata kama yeye anasema bado ana nguvu.

Andika asili ya kila wimbo kabla hujasahau, na ichapishwe pamoja na albamu. Collins, ambaye mwaka 1959 alizunguka kusini mwa Marekani na Alan Lomax, Mmarekani mkusanyaji wa nyimbo za jadi, wakirekodi waimbaji wa vijijini, hajaacha kuwataja waliomfundisha nyimbo, na katika Lodestar umo wimbo alioupata kwa Ollie Gilbert wa Arkansas katika safari hiyo hiyo.

Mitambo usiirudishe kwa mwenyewe haraka, kwani mwimbaji aliyerejea huenda akataka kurekodi tena. Collins alitoa Heart's Ease mwaka 2020 na Archangel Hill mwaka 2023, na ile ya 2020 hakuirekodi tena sebuleni kwake, bali katika studio mjini Brighton.