Kiti, stima na bekapu: ninavyoipanga ofisi ndogo Kisumu, hatua kwa hatua

Mwezi uliopita niliitwa kwenye ofisi moja ya uhasibu hapa Kisumu, ghorofa ya pili, watu sita. Usiku ule radi ilikuwa imepiga sana kutoka upande wa ziwa, na asubuhi kompyuta yenye hesabu za wateja wote ikakataa kuwaka. Nikauliza swali ambalo fundi yeyote huanza nalo: bekapu (nakala ya akiba) ya mwisho ni ya lini? Karani akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, nisikudanganye. Ni wiki kumi na moja."

Hakuwa mvivu. Diski ya bekapu huchomekwa nyuma ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa sakafuni, imesukumwa hadi ukutani. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni ilimbidi apige magoti, aingie chini ya meza na kupapasa tundu la USB gizani. Mgongo ulipoanza kumsumbua akawa anaahirisha. Hakumwambia mtu, maana aliona haya kusema kwamba hawezi kuinama.

Tulikuwa na bahati. Kilichoungua ni pawasaplai tu, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Diski ya ndani ilikuwa nzima, nikaitoa na kuzisoma faili zote kwenye laptopu yangu. Lakini tangu siku hiyo sipangi bekapu ya ofisi yoyote kabla ya kuangalia watu wanavyokaa. Utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Kalia kila kiti

Usisimame mlangoni ukatazama. Kaa kwenye kiti cha kila mtu, weka mikono kwenye kibodi yake, ufanye kazi dakika tano. Utajua shingo inavutwa wapi.

Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na skrini iwe mbali kiasi cha urefu wa mkono ulionyooshwa. Viwiko vikae kando ya mwili, vikunjike kama pembe ya meza. Nyayo zote mbili ziguse sakafu. Asiyefika, mpe kitu cha kukanyagia.

Laptopu ndiyo adui mkubwa. Ukiiinua iwe sawa na macho, mikono inaning'inia. Ukiishusha, shingo inapinda. Dawa ni moja: inua laptopu, nunua kibodi na kipanya cha kando. Mimi huchagua vya waya, kwa sababu havihitaji betri na havipotei. Stendi si lazima uinunue. Rimu moja ya karatasi ina unene wa kama sentimita 5, kwa hiyo rimu mbili au tatu ambazo hazijafunguliwa zinatosha kuanzia. Ukitaka kitu cha kudumu, mafundi wa jua kali pale Kibuye watakutengenezea cha mbao ukiwapelekea vipimo.

Ukiwa hapo hapo chini, itoe kompyuta sakafuni. Iweke juu ya meza au kwenye kistuli kando, mbali na vumbi na maji ya kupigia deki. Kisha chomeka waya wa kurefusha USB na uufunge kwa klipu kwenye ukingo wa meza, karibu na mkono wa yule anayefanya bekapu. Waya ule niliununua kwa bei ya chakula cha mchana, na ndio uliomaliza tatizo la wiki kumi na moja.

Hatua ya 2: Mwanga na macho

Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele ya macho wala nyuma ya mgongo. Jua la alasiri la Kisumu halina huruma. Pazia jepesi linatosha. Kila dakika 20, macho yatazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Na kila baada ya nusu saa hivi, mtu asimame. Hapa nawafundisha mambo mawili kwa mpigo: kabla matako hayajaachana na kiti, vidole vibonyeze kitufe cha Windows pamoja na L. Skrini inajifunga, mgongo unanyooka. Mama wa chai akiingia, wateja wakipita, hakuna anayeona mshahara wa mtu. Baada ya wiki mbili hawakumbushwi tena.

Hatua ya 3: Stima

Weka UPS, yaani kisanduku cha betri kinachoshikilia stima ikikatika, kwenye kila kompyuta yenye hesabu. Printa ya leza isichomekwe humo, inavuta umeme mwingi mno ikianza kupasha moto. Andika tarehe ya kununua kwenye UPS kwa kalamu ya wino mzito, kwa maana betri zake kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na joto huzipunguzia maisha. Usiifungie kabatini.

Mawingu yakijikusanya jioni, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa mtandao. Wengi husahau waya wa mtandao, nayo radi huupitia vilevile.

Sasa jenereta. Nimeikuta kwenye ukumbi wa ngazi, nimeikuta kwenye roshani yenye dirisha wazi, na mara moja niliikuta jikoni mwa ofisi, mlango umefungwa ili kelele zisisumbue wateja. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Jenereta ikae nje kabisa, mbali na milango na madirisha, na moshi uelekee upande usio na watu. Watu wawili au watatu wakianza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu au kichefuchefu wakati mmoja jenereta ikinguruma, toeni kila mtu nje kwenye hewa kwanza na mkimbilie hospitali. Kompyuta izimike yenyewe.

Hatua ya 4: Bekapu yenyewe

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Kanuni ni ile ya zamani ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za data, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo mimi hununua diski mbili za nje, naziandika A na B kwa rangi ya kucha. Wiki hii A inafanya kazi na B iko nyumbani kwa mwenye ofisi. Wiki ijayo zinabadilishana. Diski isiachwe imechomekwa. Virusi vya kudai fidia vinapofunga faili za kompyuta, vinafunga na za diski iliyochomekwa, na hapo unakuwa na nakala mbili za hasara ileile.

Watu huniambia, "Si kila kitu kiko kwenye mtandao?" Folda inayojioanisha na mtandao ni nzuri, nami naitumia kama nakala ya ziada. Lakini ukifuta faili hapa, inafutwa na kule. Faili ikiharibika hapa, iliyoharibika ndiyo inayopandishwa kule. Huduma nyingi hukuwekea kilichofutwa kwa muda maalumu tu, na karani akigundua kosa mwisho wa robo mwaka huenda amechelewa. Kwa hiyo usiuhesabu mtandao peke yake kuwa bekapu.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado Nakuru, niliwapangia watu wa duka la vifaa vya ujenzi bekapu ya kila wiki kwenye flashi kubwa. Ilikwenda vizuri miezi mingi. Siku kompyuta ilipoibwa nilikuja na flashi kifua mbele. Folda zote zilikuwepo, barua zipo, picha za risiti zipo. Faili moja tu haikuwepo, nayo ndiyo iliyobeba hesabu zote za duka. Nilikesha hadi alfajiri nikijaribu programu za kufufua faili, kabla ya kuelewa kwamba hapakuwa na kitu cha kufufua. Kila diski au flashi ina mpangilio wake wa kuhifadhi faili. Flashi ile ilikuwa na mpangilio wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofikia GB 4, hata kama flashi ina nafasi tele. Faili ya hesabu ilikuwa imekua taratibu hadi ikavuka hapo. Tangu wiki ile, kila Ijumaa ilikataliwa, na maagizo niliyoyaandika mimi yalikuwa yanafunga dirisha bila kuonyesha kosa. Mwenye duka hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa wateja wanaonidai na ninaowadai nitawajuaje?" Aliwapigia simu mmoja mmoja kwa karibu mwezi mzima.

Kwa hiyo, kabla ya kunakili chochote:

Bofya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, usome mpangilio wa faili (File system). Ikiwa ni NTFS au exFAT, ambazo hazina kikomo hicho cha GB 4, endelea. Ikiwa ni FAT32, hamishia vilivyomo mahali pengine, kisha uifomati upya kwa NTFS. Windows ina amri ya `convert E: /fs:ntfs` ambayo hubadilisha bila kufuta, lakini hata hiyo siitumii kabla ya kuweka nakala kando. Hakikisha herufi ni ya diski hiyo na si nyingine.

Mimi hunakili kwa `robocopy`, amri ya kunakili faili, kwa kuwa imo ndani ya Windows na hainunuliwi. Ina mitego miwili. Wa kwanza: ikikuta faili imefunguliwa na mtu, hujaribu tena mara 1,000,000, na kila mara husubiri sekunde 30. Karani anaona dirisha jeusi limeganda, anachomoa diski, anakwenda nyumbani. Iambie ijaribu tena mara mbili tu (`/R:2`), isubiri sekunde 5 (`/W:5`), na iandike ripoti kwenye `bekapu.txt`:

`robocopy D:\Hesabu E:\Hesabu /E /R:2 /W:5 /LOG:D:\bekapu.txt`

Mtego wa pili ni `/MIR`. Herufi hizo hufanya diski ya nje ifanane kabisa na chanzo, maana yake kilichofutwa kwenye chanzo kinafutwa na kwenye bekapu. Ukikosea folda ukaelekeza kwenye tupu, unafagia kila kitu. Simpi karani amri yenye `/MIR`, hata akiniomba.

Kabla ya kuianza, kila mtu afunge programu ya hesabu kwenye mashine zote. Si kuipunguza, kuifunga. Nasisitiza kwa sababu faili iliyofunguliwa inaweza kurukwa, au ikanakiliwa ikiwa nusu na baadaye ikakataa kufunguka. Ikiisha, fungua `bekapu.txt` na uende mwisho wake, safu ya FAILED. Kukiwa na namba yoyote isiyo sifuri, kazi haijaisha.

Kisha jaribu kurejesha. Mara moja kwa mwezi, chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, nakili faili ya hesabu humo, ifungue kwa programu yake, na utafute risiti ya mwisho iliyoingizwa. Ukiiona na kiasi ni kilekile, una bekapu. Kuona jina la faili hakutoshi.

Kwa kuwa diski moja husafiri kwenda nyumbani kwa mtu, ifunge kwa BitLocker, kufuli la nywila la Windows, ili ikisahaulika kwenye matatu ya Kondele ibaki chuma tu. Ufunguo wa uokoaji, wa kuifungulia ukisahau nywila, una tarakimu 48. Uchapishe, utie kwenye bahasha, uweke kwenye sefu. Usiuhifadhi ndani ya diski ileile. Nimeshakuta ofisi iliyofanya hivyo.

Hatua ya 5: Nywila

Ndefu, tofauti kwa kila huduma, kwenye programu ya kutunzia nywila. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na benki.

Hatua ya 6: Barua za hospitali

Hii husahaulika. Kwenye folda ya pamoja ya ile ofisi nilikuta barua za daktari za wafanyakazi wote, majina ya magonjwa yakiwa wazi kwa kila mwenye kompyuta. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Nilimweleza mwenye ofisi, mzee mmoja mstaarabu sana, naye akashtuka kweli: "Kwa hivyo barua ya presha yangu pia waliisoma?" Tukazihamishia kwenye folda ambayo yeye na meneja peke yao huifungua. Data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, ofisi ina saa 72 tangu ijue kumwarifu Kamishna wa Data. Andika nani atapiga simu, uibandike ndani ya mlango wa kabati.

Tena ina faida nyingine. Mtu akijua ugonjwa wake hautasomwa na wenzake, atasema mapema kwamba mgongo unamuuma.

Hatua ya 7: Badilisha saa

Usiweke bekapu Ijumaa jioni. Watu wamechoka, macho yanawasha, akili iko stejini. Na anayebaki hadi giza liingie kanda hii ya ziwa anawakaribisha mbu wa malaria bure. Mimi huiweka Alhamisi, saa saba mchana, wote wanapokwenda kula: programu zinafungwa, karani anachomeka diski, anabofya mara moja, anaondoka. Akirudi saa nane anasoma namba ya mwisho na kuchomoa.

Pale ofisini karani aliniuliza kama anaweza kuifanya akiwa amesimama. Nikamwambia ndiyo, waya uko mezani. Alhamisi iliyofuata, saa nane na dakika tano, alinitumia picha: diski B juu ya meza imeshachomolewa, nyuma yake skrini inaonyesha `bekapu.txt`, na kwenye safu ya FAILED ni sifuri kutoka juu hadi chini.