SOMO: Joto ndo limeingia, tuhamie kibarazani (kivuli, mchicha wa kwenye ndoo na shughuli za jioni)

Wadau habari zenu. Juzi nimeamka saa 8 usiku shuka limelowa, feni inazungusha upepo wa moto tu, nikajua basi kipupwe ndo kimetuaga. Sisi wa Dar kuanzia hapa mpaka Machi ni mwendo wa jasho, mchana nyuzi 31 mpaka 33 na ule unyevu wa bahari juu yake, na watu wengi naona wanajifungia ndani na feni na tv mpaka LUKU inalia, watoto wamenuna, mtu kachoka wakati hata hajafanya kazi. Mimi mwaka wa nne huu sifanyi hivo. Tumepanga Tabata, kibaraza chetu ni hatua tano kwa tatu na uwani kuna kasehemu tunashea na wapangaji wenzetu, na nasema toka moyoni miezi ya joto ndo naipenda kuliko yote kwa sababu maisha yanahamia nje. Wengi mmeniuliza nafanyaje, basi leo naandika yote.

HATUA YA 1: Soma jua na upepo kwanza kabla hujanunua kitu

Hapa ndo wengi tunakosea na mimi mwaka wa kwanza nilikosea. Mwezi wa 7 jua la mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unakuwa na kivuli alafu upepo wa kusi unaupiga vizuri, unaweka viti vyako hapo unaona umepata. Sasa ikifika Oktoba tarehe 10 hivi jua linakuwa utosini kabisa, mchana kivuli chako unakikanyaga mwenyewe, na baada ya hapo mpaka mwanzoni mwa Machi linapita upande wa kusini. Upepo nao unageuka, Desemba kusi kashaondoka kaja kaskazi. Yani ile kona uliyoipenda mwezi wa 7 ndo inageuka tanuri, haina upepo na jua la asubuhi na la alasiri linapenya kwa pembeni.

Cha kufanya chukua chaki, siku ambayo uko nyumbani chora mstari sakafuni pale kivuli kinapoishia, saa 4 asubuhi, saa 7, na saa 10. Alafu funga kipande cha kanga kuukuu kwenye nondo ya dirisha uone kinapepea kuelekea wapi. Siku moja tu inatosha, utajua pa kukaa na pa kuweka mimea maana hivi vitu viwili havitaki sehemu moja, wewe unataka kivuli mboga inataka jua.

HATUA YA 2: Kivuli

Kama kibaraza kina bati tupu juu, lile bati linakushushia moto kichwani hata kama jua halikufikii. Mimi nimefunga neti ya kivuli, ile ya kijani wanayotumia kwenye vitalu vya miche, chini ya bati nikaacha nafasi kama shubiri mbili hewa ipite. Usiibananishe na bati. Ukitaka kitu cha kudumu panda pasheni itambae kwenye waya, ila omba ile ya njano ndo inavumilia joto la pwani, ile ya zambarau inapenda kwenye baridi huko milimani, hapa itakupa majani tu. Inachukua muda lakini, kwa hiyo neti kwanza.

HATUA YA 3: Mchicha kwenye ndoo

Hapa ntakaa kidogo maana ndo roho yangu ilipo.

Tafuta ndoo za rangi za lita 20, mafundi rangi wanazo, kwangua rangi yote uoshe vizuri. Pasha msumari moto toboa matundu sita chini na mengine manne ubavuni karibu na kitako. Watu wanatoboa moja katikati wanasema linatosha, halitoshi, likiziba tu maji yanalala na mizizi inaoza.

Udongo: ndoo mbili za udongo mweusi, moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga. Kama mtaa wenu udongo ni kichanga tayari, na Dar sehemu nyingi ndo hivo, acha mchanga ongeza samadi. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, samadi ya kuku mbichi ni moto. Msimu wangu wa kwanza nilinunua kiroba kwa mtu akaniambia imeshaiva, nikaamini, miche yangu yote ilinyauka ndani ya siku mbili kama imemwagiwa maji ya moto, na ilikuwa imeshafika kidole. Siku hizi nikileta naiweka kwenye kiroba wazi pembeni, naimwagia maji kidogo naigeuza, miezi miwili. Ikiwa tayari hainuki tena na ukiishika haina joto, inanukia udongo. Ikiwa bado inakuchoma pua usiitie kwenye ndoo hata kidogo.

Mbegu za mchicha ni ndogo kama baruti, ukirusha kwa mkono zinadondokea sehemu moja zote. Changanya kijiko kidogo cha mbegu na mkono mmoja wa mchanga mkavu ndo urushe, kiasi hicho mimi kinanitosha ndoo nne. Usifukie, pitishia tu udongo mwembamba juu kama unapaka poda, funika na kitambaa kibichi. Siku ya tatu au ya nne chungulia kila asubuhi. Vikitoka ondoa kitambaa siku hiyohiyo la sivyo vinarefuka vyembamba na kulala. Vinatoka na vijani viwili vyembamba kama uzi, juu kijani, chini vina wekundu fulani hivi, na kimoja kimoja kinakuwa bado kimevaa ganda la mbegu kichwani. Mwanangu wa miaka sita kila asubuhi kabla ya shule anaenda kuhesabu vilivyovua kofia.

Vikifika urefu wa kidole punguza, ving'oe vya katikati, usivitupe, vitie kwenye mchuzi. Wiki ya tatu mpaka ya nne unavuna. Ukikata juu ukaacha kishina chenye vifundo viwili vitatu kinachipua tena, mimi navuna mara tatu ndo naing'oa. Acha mche mmoja ukue mpaka utoe mashuke, ukikauka upukutishie kwenye gazeti, ndo mbegu za msimu ujao hizo.

Kumwagilia ni asubuhi kabla ya saa 2 na jioni kuanzia saa 11, kwa kopo lenye matundu maana ukimwaga na jagi unafukua mbegu zote. Chomeka kidole, kama udongo ni mkavu mpaka pingili ya kwanza mwagia, kama una unyevu acha. Ndoo nyeusi zinachemka sana na hili jua, zipake chokaa nyeupe nje.

HATUA YA 4: Mbu

Hii fupi ila usiiruke. Maji yanayolala kwenye visahani chini ya ndoo, kwenye matairi, kwenye makopo, ndo wanakozaliwa wale mbu wa mchana wanaoleta homa ya dengue, na Dar tumeshaipata vibaya, 2014 na tena 2019. Wale wanapenda maji safi, siyo mtaro. Kila Jumapili mwaga visahani vyote na visugue kwa brashi maana mayai yanagandia ukutani na yanavumilia ukavu. Ndoo za akiba ya maji zifunikwe. Mimi visahani nimejaza mchanga kabisa, tatizo likaisha.

HATUA YA 5: Sasa kaa

Kuanzia saa 11 jioni tunatandika mkeka. Ndo saa tunayoisubiri kwetu. Bibi wa chumba cha mbele anasuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu wa kutengenezea mkeka, amenikalisha msimu uliopita akanifundisha na nimefika mahali naweza kutoa pima mbili kwa jioni bila kuangalia mikono. Siri aliyonipa ni kwamba wakati wa joto ukindu unakauka haraka unakatika ukiukunja, kwa hiyo anauviringisha kwenye kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, anachomoa jani moja moja. Ncha ya ukili anaishikilia kwa dole gumba la mguu. Ukimsikiliza unasikia tu chwaa chwaa ya majani na yeye anavuta hadithi za Kilwa. Nimejifunza kwake kwamba mkeka kwanza ni ukili mrefu ndo baadae unashonwa, nilikuwa nadhani unasukwa mzima mzima.

Mume wangu na jirani wako kwenye bao. Lile la kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni na 22 za namu mkononi, yani za kuingiza ubaoni moja moja mwanzo wa mchezo. Mtoto anayekaa pembeni ya bao anajua kujumlisha kabla hajafundishwa shule, nimeona kwa macho yangu. Mnaofuma kroshia wekeni pembeni uzi wa sweta mpaka mwezi wa 6, unanata na jasho, tumieni uzi wa pamba.

Na jagi la ukwaju lisikosekane. Nusu kilo ya ukwaju, lita tatu za maji, chemsha kidogo, ukipoa fikicha kwa mkono, chuja, sukari kwa mapenzi yako na iliki iliyotwangwa. Ukitia tangawizi sawa, ila usizidishe inaua ladha.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WADAU

Swali (mdau wa Sinza): Dada asante kwa somo, mimi niko ghorofa ya tatu nina kibalkoni tu, hizo ndoo za lita 20 si zitakuwa nzito?

Jibu: Ndugu yangu ni nzito kweli, ikilowa inapita kilo 25. Tumia za lita 10, zipange zikigusana na ukuta siyo kwenye ukingo, na kamwe usizining'inize nje ya nondo, ikidondoka kwa mtu ni msiba. Mchicha hauhitaji kina, shubiri moja inatosha. Weka beseni chini usimnyeshee wa ghorofa ya pili, na lile beseni ulimwage kila siku.

Swali (mama wa Kigamboni): Maji yetu ya kisima yana chumvi, mchicha unakuwa na kingo za kahawia, nimekata tamaa.

Jibu: Pole mama, usikate tamaa. Jaribu spinachi, inavumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Vuli ndo inaanza hivyo kinga maji ya bati kwenye pipa lenye mfuniko ndo umwagilizie miche michanga, ikishakuwa mikubwa changanya nusu kwa nusu na ya kisima. Na mara moja moja mwaga maji ya mvua mengi mpaka yatoke chini kwa wingi, yanaondoka na ile chumvi iliyojikusanya.

Swali (mdau wa Mbagala): Kuku wa jirani kamaliza vyote asubuhi moja, nimsemeje jirani bila ugomvi?

Jibu: Shosti usimseme kwanza, panda juu. Mimi nimeweka ndoo juu ya meza ya mbao na nimezungushia kipande cha chandarua kibovu. Alafu ukivuna mpelekee fungu moja, mweleze kwa upole ndo aone kuku wake walikuwa wanakula nini. Kwangu alianza mwenyewe kuwafungia asubuhi.

Swali: Chini ya majani kuna vidudu vidogo vyeusi vimejipanga, majani yanajikunja. Nipulizie dawa gani ya dukani?

Jibu: Hao ni vidukari. Mboga unayokula wiki ijayo usiipulizie sumu ya dukani tafadhali. Twanga majani ya muarobaini viganja viwili, loweka lita moja ya maji usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kijiko kidogo, pulizia jioni chini ya majani, rudia baada ya siku nne. Na jani lililojaa sana likate. Ukivuna osha vizuri kwa maji mengi maana muarobaini ni mchungu.

Swali (mdau wa Ukonga): Mvua ya vuli ikipiga mara moja si mbegu zote zinaondoka?

Jibu: Zinaondoka kweli. Ndo uzuri wa ndoo, ukiona wingu unazisogeza chini ya bati. Ikikukuta haupo, panda tena, kijiko kingine cha mbegu hakikufilisi.

Swali (mzee wa Temeke): Mwanangu nimefurahi umetaja bao. Vijana siku hizi wanachezea gololi, kete za asili wanazijua?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Nyumbani tuna komwe zenyewe, zile za kijivu, mume wangu alipewa na babu yake na zimeshateleza kwa kushikwa. Mkomwe unaota kandokando ya bahari, una miiba mikali, nimemwahidi mtoto tutaenda kutafuta kete zake mwenyewe likizo ya Desemba. Nikizipata nyingi mzee ntakuletea Temeke.

Swali: Mwalimu, picha ya mkeka wako?

Jibu: Bado ni ukili, haujashonwa. Bibi anasema zimebaki pima nane.