SOMO: Kupiga rangi kwa kompresa na bunduki bila kuharibu kazi wala kifua

Wakuu heshima kwenu. Kila nikiingia nakuta maswali yaleyale, mara "rangi inakimbia inaacha vishimo", mara "vanishi imekuwa nyeupe kama maziwa", mara "hivi barakoa ya kitambaa inatosha", nikimjibu huyu kesho anakuja mwingine na lilelile. Naandika yote hapa, akija mtu mleteni huku mniache nipige kazi.

Naongelea bunduki ya kikombe juu inayokula upepo wa kompresa, kwa kazi za makabati, vitanda, milango na mageti. Niko Dar, nafanya fenicha, kwa hiyo msisitizo mwingi ni wa joto na unyevu wa huku pwani. Wa Njombe na Arusha mna nafuu yenu.

1. Sehemu ya kazi

Fagia, mwagia maji kidogo chini vumbi litulie, fungua pande mbili hewa ipite.

Halafu moto. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukaondoka, unatambaa chini kwa chini mpaka ukute cheche. Thina nyingi zina kemikali inaitwa toluini ndani, na toluini inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi joto 4 tu, sasa Dar saa saba mchana unategemea nini. Angalia jiko la mama ntilie hapo nje, jamaa wa kuchomelea upande wa pili wa mabati, grainda, sigara, swichi ya taa. Na feni ya kawaida usiiweke ivute ule mvuke upite kwenye mota yake. Kompresa yenyewe ikae nje au mbali, inatoa cheche na pia ikikaa ndani inakunywa ukungu wa rangi. Nunua mpira mrefu yaishe.

2. Kifua chako

Barakoa ya kitambaa na zile za bluu za hospitali haziuzuii mvuke hata kidogo. Tafuta ile maski ya mpira ya nusu uso yenye vichujio viwili vya mkaa, vichujio viwe na mstari wa kahawia, hiyo ndiyo ya mvuke wa thina, pamoja na chujio la vumbi la daraja la P2 au P3 (P3 inachuja zaidi). Ndevu zinaifanya isishike, nyoa au kubali unavuta. Ukianza kunusa thina ukiwa umeivaa ujue vichujio vimekwisha, na ukimaliza kazi ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa maana ule mkaa unaendelea kufyonza hata ikiwa imening'inia msumarini. Vaa miwani. Glavu ziwe za nitrili, zile nyembamba za mpira thina inazila.

Rangi za kuchanganya na hadna, ile dawa ya kopo la pili inayokaza rangi, ni habari nyingine. Hadna nyingi zina kemikali zinaitwa isosayaneti, zinaleta pumu, na mwili ukishazikataa mara moja basi hata kiasi kidogo baadaye kinakubana kifua. Ubaya wake hazina harufu ya kukushtua, kwa hiyo ule ujanja wa "nikinusa nabadilisha chujio" hapa haufanyi kazi. Wenye vifaa wanavaa maski inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Huna? Mpelekee mwenye kibanda na vifaa akupigie, au tumia rangi isiyo na hadna. Hapa sibishani na mtu.

3. Kompresa

Fungua koki ya chini ya tangi maji yatoke, asubuhi na kila mapumziko. Vuta pete ya valvu ya usalama, ikipuliza ni nzima. Tangi lililooza kwa kutu usilichomelee, litupe.

4. Maji na mafuta kwenye upepo

Hatua hii soma mara mbili, ndiyo iliyonirudishia kabati la milango sita likiwa limetoka malengelenge. Nilikuwa na filta, nzuri tu, ila nimeifunga palepale kwenye mdomo wa kompresa. Kumbe upepo ukitoka pale bado wa moto, maji yamo ndani kama mvuke, yanapita kwenye filta bila kushikwa. Yakifika katikati ya mpira upepo unapoa, ndipo yanageuka matone, na wakati huo filta iko nyuma haina habari. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kompresa, halafu mpira au bomba la mita saba nane, HALAFU filta na geji yake, halafu mpira mfupi mpaka kwenye bunduki. Ukiweza kutumia bomba la chuma ukutani ni bora zaidi, linapoza haraka, lipe mteremko na koki pale chini kabisa.

Mafuta nayo yanatoka kwa kompresa iliyochoka pistoni. Yakigusa kazi rangi inakimbia, inaacha vishimo vya duara, na hata ukipuliza juu yake mara ngapi vinarudi. Ukiviona acha, subiri ikauke, piga msasa, safisha upya, na katafute mafuta yametoka wapi. Sio lazima kompresa, inaweza kuwa polishi ya silikoni aliyokuwa anasugulia mteja, au mkono wako uliotoka kula chipsi.

Kabla ya kuweka rangi kwenye kikombe puliza upepo mtupu kwenye kioo kisafi kama dakika moja. Kiangalie kwa ubavu kwenye mwanga. Ukiona vidoti vya maji au utelezi wa mafuta, HUJAANZA KAZI. Mpira uliowahi kutumika kwenye mashine za gereji za kutiwa oili usiulete kwenye rangi hata ukiuosha.

5. Presha na nozeli

Presha isome ukiwa umebonyeza triga upepo unatoka, ukisoma imetulia unajidanganya. Bunduki za kawaida psi 40 mpaka 45 kwenye geji, yaani bar 3 hivi. Zile za HVLP, yaani za upepo mwingi kwa presha ndogo, soma ilichoandikwa mwilini, nyingi ni psi 25 mpaka 30 pale mpira unapoingilia. Nozeli, yaani tundu la kutolea rangi, milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi ya juu na kliya (vanishi ya uwazi), 1.7 mpaka 2.0 kwa praima nzito.

6. Kuchanganya

Fuata kopo. Koroga mpaka chini. Chuja, hata kama kopo ni jipya.

7. Jaribu kwenye boksi

Simamisha kipande cha boksi, bonyeza mara moja uachie, utazame umbo. Unataka yai refu lililojaa sawasawa. Limejaa katikati tu: rangi nzito au presha ndogo. Limegawanyika kama namba 8: upepo mwingi, au rangi imekuwa maji. Limepinda kama ndizi: tundu mojawapo la pembe za kofia ya mbele limeziba. Izungushe kofia nusu duara, ndizi ikigeuka nayo basi uchafu uko kwenye kofia, isipogeuka uko kwenye nozeli. Ikitema kwa kukohoakohoa, nozeli imelegea au kikombe kinakaribia kuisha.

8. Kupiga

Bunduki ikae sentimita 15 mpaka 20 kutoka kwenye kazi. Mkono utembee sambamba na ubao, usipepee kama unafukuza nzi. Triga ina hatua mbili, ya kwanza inatoa upepo mtupu, ya pili rangi. Anza kutembea kabla ya ukingo, rangi ifunguke unapoingia, ifunge ukishatoka. Kila mstari ulalie nusu ya uliotangulia. Mikono miwili, yaani tabaka mbili, myembamba ni bora kuliko mmoja mnene unaolia machozi.

9. Kuosha

Kwanza kata upepo, chomoa mpira, bonyeza triga presha iishe. Hapo ndipo ufungue. Chomoa sindano kabla ya nozeli. Usiizamishe bunduki nzima kwenye thina ikalala humo, unaua sili, vile vizibo vya ndani vya kuzuia kuvuja. Matundu ya kofia yazibue kwa kijiti cha meno, ukitumia waya unayapanua na umbo halirudi tena. Matambara yenye mafuta ya linsidi yatandaze nje yakauke au yazamishe kwenye maji, yakirundikwa yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka.

Maswali karibuni.

---

Dogo wa Mbagala: Mkuu somo zuri ila refu sana. Kwa kifupi presha ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Dogo wa Mbagala: Sawa na kompresa ya friji inafaa? Kuna jamaa ameniungia na mtungi wa gesi.

Mwandishi: Haifai. Ile inasukuma mafuta kwenye upepo, na upepo wenyewe hautoshi. Huo mtungi kama hauna valvu ya usalama unakaa na bomu chumbani. Usiuwashe tena.

Dogo wa Mbagala: Dah. Poa.

Fundi Mkongwe: Mnatisha watu bure. Mimi napiga rangi ya hadna tangu ujana, kitambaa tu puani na maziwa glasi moja jioni, sijawahi kulazwa.

Mwandishi: Maziwa yanaenda tumboni mzee wangu, rangi inaenda kwenye mapafu, hawakutani. Wewe umepona, shukuru Mungu. Kuna wanaopiga miaka bila shida halafu siku moja kifua kinagoma na hawezi tena hata kukaa jirani na mtu anayepiga. Ukisikia kukohoa usiku au kifua kupiga filimbi siku ya kazi, halafu ukipumzika siku mbili tatu kinatulia, nenda hospitali umwambie daktari wazi kwamba unapiga rangi za hadna.

Fundi Mkongwe: Hiyo ya usiku ninayo kidogo, nilijua ni vumbi.

Mwandishi: Basi usisubiri mzee. Nenda wiki hii, na kazi za hadna ziache kwanza.

Da Neema: Shikamoo fundi. Niko Mwanza, napaka meza na viti vya zamani naviuza. Vanishi ya NC (ile ya nitroselulosi, ya kuchanganya na thina) nikipiga asubuhi inakaa vizuri, nikipiga jioni mvua ikikaribia inakuwa na ukungu mweupe. Maji kwenye kompresa nimeshatoa. Nataka kuelewa kwa nini, sio kurekebisha tu.

Mwandishi: Marahaba dada, swali hilo nalipenda. Maji hayo hayatoki kwenye kompresa yako, yanatoka hewani. Thina ikiwa inakauka inabeba joto, kama spiriti mkononi unavyosikia baridi. Uso wa mbao unapoa ghafla, na kama hewa imejaa unyevu, unyevu unageuka matone juu ya vanishi ambayo bado mbichi na kuiharibia uwazi. Ndiyo maana thina kali za bei rahisi ndizo zinazofanya hivyo zaidi, zinakauka haraka mno. Dawa, omba dukani thina ya taratibu, wengine wanaiita ritada, changanya kidogo kwenye thina yako, anza na asilimia 5 hivi uone. Kilichoshaharibika usikikwangue kwanza. Subiri siku kavu, puliza ukungu mwembamba wa hiyo thina ya taratibu juu yake, mara nyingi vanishi inalainika, unyevu unatoka, weupe unapotea. Isipopotea ndipo msasa.

Da Neema: Asante sana. Na mbao yenyewe ikiwa imelala nje usiku?

Mwandishi: Iingize ndani mapema ipate joto la chumba kwanza, mbao ya baridi ni nusu ya tatizo. Na ukiipangusa kwa kitambaa kibichi acha ikauke kabisa.

Salim wa Likoni: Boss niko Mombasa, nina kompresa ya lita 25 na bunduki ya HVLP. Nikianza iko sawa, baada ya mlango nusu presha inashuka na rangi inaanza kutoka matonematone. Ni stima ama ni mashine?

Mwandishi: Mashine inazidiwa. Watu wananunua kompresa kwa lita za tangi, kumbe cha kuangalia ni inazalisha upepo kiasi gani kwa dakika. HVLP nyingi zinataka cfm (futi za ujazo za upepo kwa dakika) 8 mpaka 12, hiyo yako ndogo sidhani inatoa hata 7. Kwa sasa piga ubao mmoja, simama, acha ijaze, endelea. Baadaye tafuta bunduki ndogo ya nozeli 1.0, inakula upepo kidogo. Ila na stima icheki, waya mwembamba mrefu wa kuunganishia unafanya mota ihangaike na kuchemka. Refusha mpira wa upepo, waya uwe mfupi.

Salim wa Likoni: Waya ni ule wa redio kusema kweli 😅

Mwandishi: Toa leo.

Kandarasi Mdogo: Sisi tunapiga kuta kwa ile mashine isiyotumia upepo, inavuta rangi kwenye ndoo. Haya yanahusu?

Mwandishi: Mengi ndiyo, ila hiyo ina hatari yake. Inasukuma rangi kwa psi 2000 mpaka 3000. Ikiziba usiweke kidole mbele ya ncha hata kwa utani, rangi inapenya ngozi na kusambaa ndani ya mkono. Tundu linaonekana dogo kama la sindano, haliumi sana mwanzoni, mtu anafunga plasta anarudi kazini, huko ndiko vidole vinakokatwa. Ni hospitali saa hiyohiyo, na useme ni rangi ya presha, chukua na kopo wasome kilichomo. Kufuli ya triga iwe imefungwa muda wote hupigi.

Mama Vitanda: Naongezea ya kuchuja, soksi za nailoni za kike zinachuja safi kuliko wavu wa chai. Kata mguu, vuta kwenye mdomo wa kopo, tupa ukimaliza.

Mwandishi: Kweli, na mimi natumia. Ila kwa thina kali jaribu kipande kwanza, kuna aina zinayeyuka zinaacha nyuzi.

Dogo wa Mbagala: Nina geti la zamani la rangi ya mafuta, nalitoa kwa grainda au msasa? Halafu hapo nyumbani kuna mtoto anatambaa.

Mwandishi: Sasa umeuliza. Rangi za zamani nyingi zina risasi, ile madini ya sumu, na grainda inaitawanya vumbi uani kote, mtoto anaokota na kulamba. Tumia msasa wa maji, lowanisha muda wote, tandika turubai chini, mtoto apelekwe kwa jirani siku hiyo. Lile tope lifunge kwenye mfuko, usilimwage bustanini. Maski yenye P3, na nguo za kazi usizifue na za mtoto. Kutu ikibaki ikwangue kwa brashi ya waya hukohuko kwenye majimaji, kausha, praima siku hiyohiyo maana hapa Dar ukilala tu asubuhi geti limeshakuwa jekundu tena.