Jinsi ya kupima mtazamo wa watu kuhusu sayansi bila kudanganywa na hojaji

Kuna dhana kwamba nchi inapotoka kwenye viwanda na kuanza kuishi kwa huduma na maarifa, wananchi huijua sayansi zaidi, lakini si lazima waisifu zaidi. Watafiti Martin Bauer na John Durant waliijadili dhana hiyo kwa hojaji za Eurobarometer, yaani kura za maoni ya wananchi wa Ulaya, zilizofanywa 1989 na 1992. Ukitaka kuipima, anza hivi.

Tenga ujuzi na mtazamo. Kwa ujuzi, andika sentensi kumi hivi zenye jibu moja, kama "Antibayotiki huua virusi na pia bakteria" (si kweli). Majibu yawe kweli, si kweli na sijui. Hesabu "sijui" peke yake. Anayekiri hajui si sawa na anayeamini kosa.

Sehemu ya mtazamo ndiyo inayoharibu tafiti nyingi. Tumia ngazi tano, kuanzia nakubali kabisa hadi napinga kabisa, na nusu ya sentensi ziikosoe sayansi: "Sayansi inabadilisha maisha yetu haraka mno." Wapo wahojiwa wanaokubali kila wanachosomewa, hasa waliosoma kidogo. Sentensi zote zikiwa za sifa, watu hao wataonekana mashabiki wa sayansi, na uhusiano kati ya ujuzi na mtazamo utapotoka hapo hapo. Uliza pia chanjo, nyuklia na mbegu zilizobadilishwa jeni, kila moja kwa swali lake. Mtu huyohuyo hukubali moja akakataa nyingine.

Pima maneno kwanza kwa watu wachache. Marekani, 2004, asilimia 42 walikubali kwamba binadamu alitokana na wanyama wa awali. Swali lilipotanguliwa na "kwa mujibu wa nadharia ya mageuzi", waliokubali walifika 74. Tofauti hiyo ilitokana na imani ya dini zaidi kuliko ujinga.

Sampuli nasibu (watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu) ya watu 1,000 ina kosa la takriban asilimia 3 juu au chini. Ukiwachambua vijana 250 peke yao, kosa hufika 6, kwa hiyo usitangaze pengo la asilimia 4 kati yao na wengine.

Wakati wa kuchambua, pima uhusiano wa ujuzi na mtazamo ndani ya kila nchi. Ukizichanganya zote, tofauti unayoitafuta inafunikwa. Kisha fuata kizazi: waliozaliwa 1960 hadi 1969 walikuwa na miaka ishirini na kitu mwaka 1989, na ukiwahoji waliozaliwa miaka hiyohiyo 2005 utaona kama kizazi hicho kimebadilika, ingawa hilo peke yake halitoshi kutenganisha umri na zama.