Jiko la futi sita kwa saba

Jiko langu lilikuwa stoo. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ipo Ngamiani hapa Tanga: korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Zamani mapishi yote yalikuwa uani, na kile kijichumba cha pembeni kiliwekewa magunia ya mkaa, baiskeli mbovu na vinu viwili. Nilipochoka kukimbia na sufuria kila mvua ikianza, nikakiomba kiwe changu. Kina futi 6 kwa 7, yaani mita 1.8 kwa 2.1. Mlango uko upande mfupi wa uani, dirisha upande mfupi wa pili.

Nimekikarabati mara mbili, na ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Nilinunua dukani kabati za MDF zilizokwisha kuundwa, nyeupe, zinang'aa kama meno ya tangazo. Masika ya kwanza zikavimba chini. Masika ya pili mlango mmoja ukabaki unaning'inia kwa bawaba moja, nyingine imeliwa na kutu ya upepo wa bahari. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshikamanishwa kwa gundi. Ikishakunywa maji hairudi ilivyokuwa. Juu ya hayo, kabati zenyewe zilikuwa na kina cha sentimita 60, basi nikitaka kufungua mlango wake lazima nirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Watu husema mwanamume akioa amepata jiko. Mume wangu akawa anawaambia wageni kwamba yeye kapata jiko lisiloingilika.

Mara ya pili sikumwita fundi kwanza. Nilichukua kipande cha mkaa nikachora chumba chote kwenye sakafu ya ua, kwa ukubwa wake halisi, na mlango na dirisha mahali pake. Nikapanga ndoo badala ya sinki, jiko la gesi juu ya kasha la soda, meza ya kukunja katikati, halafu kwa siku mbili nikapika humo humo ndani ya mistari: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha. Mama mkwe alikaa kibarazani akinitazama, akauliza kama nimeanza kuumwa. Lakini mistari ile ilinionyesha mambo matatu ambayo kabati hazikuwahi kunionyesha. Muda mwingi nasimama kati ya maji na moto, nakatakata na kuosha. Mbuzi ya kukunia nazi inataka nafasi sakafuni, na mkunaji ana magoti. Na friji naifungua mara chache kuliko nilivyodhani, kwa hiyo ikahamia koridoni, na sijaijutia hata siku moja. Wewe nawe chora, kisha pika vyakula vyenu vya kila siku, si vya sikukuu.

(Baadaye nilisoma kwamba hesabu ya hatua za mpishi ni ya siku nyingi. Mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, aliifanya alipochora jiko la nyumba za umma za Frankfurt mwaka 1926. Lilikuwa mita 1.9 kwa 3.4, likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Nikacheka peke yangu: hilo wanalolisifu kwa udogo lingemeza langu na nusu ya jingine.)

Katika chumba chembamba weka kazi zote ukuta mmoja. Mimi niliweka slabu ya zege kwenye ukuta mrefu, kina chake sentimita 53, na ukuta wa mkabala nikauachia shelfu za sentimita 30. Katikati zikabaki 97. Hapo mtu mmoja anakuna nazi na mwingine anapita nyuma yake kwa ubavu. Ukipunguza chini ya 90, mbuzi ipeleke uani.

Slabu yenyewe ina sentimita 210. Kutoka dirishani nimeacha 15, halafu sinki 45, halafu uwazi wa 75 wa kukatia na kukandia, halafu jiko la gesi la plati mbili nililoliachia 60, na 15 za mwisho upande wa mlango ili mpini wa kikaango usimdake anayeingia. Ule uwazi wa 75 usimpe mtu. Kila fundi atakayekuja atataka kukupunguzia aweke sinki la mabakuli mawili. Bakuli moja lenye kina linatosha, vyombo vinakauka kwenye kichanja cha waya juu ya dirisha, na matone yanarudi sinkini.

Sasa kimo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipogombana na fundi. Simama wima bila viatu, kunja mkono kama unayekanda unga wa chapati, mtu akupime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mimi nilipata 98. Toa 10 hadi 15, hicho ndicho kimo cha slabu yako. Yangu ikawa 85. Fundi alitaka 90 kwa sababu kila mahali hujenga 90. Nikamwambia hao wa kila mahali hawapiki kwangu.

Lakini 85 hiyo ni ya kisu na kibao. Jiko la gesi la kuweka juu lina kimo chake, karibu sentimita 12, na juu yake inakaa sufuria. Ukiliweka kwenye slabu ileile, mwiko unakuwa kifuani, na ugali hausongwi kwa mikono iliyoinuliwa. Unasongwa kwa uzito wa mwili kutoka juu. Kwa hiyo mahali pa jiko niliiteremsha slabu hadi 70. Fundi akasema, "Dada, itaonekana kama ngazi." Nikamwambia na ionekane ngazi. Tangu hapo, jirani zangu wawili wamejengewa ngazi hiyo, na fundi ni yuleyule.

Kazi ianze na maji. Bomba la kutolea maji machafu liwe la inchi moja na nusu, literemke kama sentimita 2 kwa kila mita, na chini ya sinki liwe na ule mpindo unaobakiza maji ndani yake. Fundi wangu aliuona mpindo ni gharama bure, akataka kulitoboza bomba moja kwa moja ukutani. Yale maji yanayobaki pale ndiyo yanayozuia harufu ya chemba na mende wasipande. Nje, kabla ya chemba kubwa, jengesha kichemba kidogo cha kunasa mafuta. Pwani tunapika kwa tui na samaki wa kukaanga, na mafuta hayo yakipoa ndani ya bomba yanaganda. Kila Jumamosi nakomba utando kwa kopo na kuutupa kwenye taka.

Halafu hewa. Mlango ulikuwa ukifungukia ndani na kula kona nzima. Niliung'oa na kuugeuza ufungukie uani. Juu yake nilitoboa safu ya matundu ya kutolea joto, maana hewa ya moto hupanda, na ikipata pa kutokea juu itaivuta ya baridi iingie dirishani. Dari ya jipsamu nilikataa: mvuke wa wali wa kila siku ungeiozesha. Dirishani nondo na wavu wa mbu, basi. Ila usiweke moto mbele ya dirisha. Langu linatazama kusi, na upepo wa miezi ile huzima plati ndogo huku gesi ikiendelea kutoka.

Umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hata kama shemeji yako anajua kufunga balbu. Soketi mbili juu ya ule uwazi wa kukatia, mbali na sinki na mbali na moto, zenye waya wa ethi unaofika ardhini kweli. Birika la wati 2,200 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 10, kwa hiyo lipe soketi yake. Ukilichomeka pamoja na jiko la umeme la kuchemshia maharage kwenye kebo moja ya kuunganishia, kebo hiyo itapata moto kabla ya maharage.

Mabomba na nyaya zikishafichwa ukutani, ndipo zege. Slabu yangu ina unene wa sentimita 6, imekalia kuta tatu fupi za tofali. Uwiano ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na nondo za milimita 8 zilizopangwa kila sentimita 15. Mchanga usiwe wa ufukweni, chumvi itazitia nondo kutu. Baada ya kumwaga, tandika magunia na uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Fundi alikuja siku ya tatu na marumaru mkononi, nikamrudisha na chai.

Kina cha 53 sikukitoa hewani. Marumaru za 60 kwa 60 zinafunika slabu kwa kipande kimoja kutoka ukutani hadi mbele, na kile kinachokatwa, kama sentimita 7, kinashuka kuwa ukingo wa mbele. Hakuna mwanya katikati wa kushika unga na vitunguu. Boksi lina vipande 4, na vinne vikipangwa vinafika sentimita 240, kwa hiyo kimahesabu boksi moja lilinitosha. Kimahesabu. Kipande cha pili kilipasuka wakati wa kukata tundu la sinki, nikarudi dukani, aina ile imekwisha. Nunua maboksi mawili siku moja, yenye namba moja ya rangi. Vinavyobaki vibandikwe ukutani nyuma ya sinki na moto. Mianya ijazwe grauti ya epoksi, ni ghali lakini hainywi manjano.

Shelfu nilitengenezesha za msaji, wenyewe tunauita tiki. Tanga hatuna sababu ya kuukosa, shamba la serikali la Longuza liko Muheza tu hapo. Hauogopi unyevu wala mchwa kama mbao nyingine. Unene inchi moja, skrubu na vishikio visivyoshika kutu. Kina cha sentimita 30 kinapanga makopo safu moja. Hakuna kopo linalojificha nyuma ya jingine mpaka liote wadudu. Usizipange kwa nafasi sawa: ya sufuria 35, ya makopo 18, na ya juu kabisa ni ya deli na sinia za shughuli.

Milango sikuweka. Chini ya slabu, upande wa maji, nimetundika kanga kwenye waya, ikichafuka nafua. Imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati", na nyuma yake yamo madumu mawili ya lita 20 kwa siku bomba linapokauka. Upande wa moto hakuna kitambaa hata kimoja.

Mtungi ni wa kilo 15 na haumo ndani. Upo uani, umesimama wima ndani ya wavu wa chuma wenye kufuli, kivulini, na bomba lake linapita ukutani ndani ya bomba jingine kubwa. Fundi aliutaka karibu na kichemba cha mafuta kwa kuwa palikuwa na sakafu nzuri. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kujaa kwenye mashimo, ikingoja kiberiti. Tuliuhamisha mtungi hadi kona ya pili ya ua. Nawe kama huna ua, na mtungi lazima ukae ndani, toboa tundu la hewa ukutani karibu na sakafu, si juu peke yake.

Kosa langu la mara ya pili lilikuwa kalenda. Fundi aliniahidi wiki mbili, nikaanza katikati ya Shaabani. Mwezi ukaandama slabu ikiwa bado ndani ya magunia, na futari ya siku tisa za mwanzo niliipika uani chini ya mwavuli. Muda wowote utakaotajiwa uzidishe mara mbili, kisha tazama kinachokuja.

Malipo gawa mara tatu, na fungu la mwisho libaki kwako mpaka ujaribu mwenyewe. Fundi akishika hela yote, simu yake huishiwa chaji. Mimi nilimkalisha kwenye kigoda, nikajaza sinki hadi ukingoni na kuliachia kwa mkupuo huku nimepiga magoti chini na tochi: mpindo ulilia tone. Akakaza. Nikamwaga kikombe cha maji katikati ya slabu kuona yanaelekea wapi, yalikwenda sinkini. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi na kutazama kama linavimba, maana kiberiti si kipimo. Kisha mama mkwe akaingia na mbuzi yake, akaketi, akakuna nazi mbili bila kugusa ukuta. Fundi akapokea hela yake, na tui likaenda kwenye samaki.