Gharama za boti zenye utata: zipi zinaingia kwenye ritani ya KRA

Petroli ya kupeleka wageni kisiwa cha Manda Toto, hapa Lamu, haina ubishi. Ubishi uko kwenye miwani ya jua, laptopu ambayo watoto wanatazamia katuni, na samaki wa kupaka mliokula Shela pamoja na wageni. Nahodha wengi huzitia zote kwenye ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka inayopelekwa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), au huziacha zote kwa woga. Njia zote mbili zinakugharimu.

Kwanza hakikisha uko kwenye mfumo unaoruhusu gharama. Mauzo yako yakizidi shilingi milioni 1 kwa mwaka bila kupita milioni 25, kwa kawaida unalipa kodi ya mauzo: asilimia 3 ya mauzo yote, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Huko hukati gharama yoyote, hata mshahara wa baharia. Kama faida ni nyembamba, mwandikie Kamishna wa KRA uombe kutolewa, urudi kwenye kodi ya kawaida ya mapato. Maelezo yanayofuata ni ya aliye kwenye kodi hiyo ya kawaida.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinataka gharama iwe imetumika yote kutafuta mapato hayo, na si kwa lengo jingine. Cha 16 kinayakataa matumizi yako binafsi na ya nyumbani. Kipimo cha haraka ni hiki: nisingekuwa na kazi hii, ningekinunua? Jaketi za kuokolea maisha na miwani ya kuzamia ya wageni zinapita. Miwani yako ya jua na kanzu hazipiti, hata kama huzivai ila ukiwa kazini. Nauli ya kutoka nyumbani Shela hadi gatini Amu (mji wa Lamu) haipiti pia. Ukienda Mombasa kununua vipuri ukalala huko, chakula na chumba vinakubalika. Ukila na wageni mkahawani baada ya kazi, usiandike. Na mchango wa pilau ya Maulidi una thawabu zake, lakini kwenye hesabu ya boti haumo.

Vitu vya matumizi mawili ndivyo vinavyohitaji kazi. Weka daftari ndani ya boti lenye safu nne: tarehe, safari, abiria, lita. Tuseme mwezi huu umetumia lita 300, na 45 kati yake zilikwenda kuwapeleka jamaa kwenye harusi Pate. Unadai lita 255, yaani asilimia 85. Asilimia iliyotoka daftarini unaweza kuitetea. Ile uliyoikisia usiku wa Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, huwezi.

Laptopu haikatwi yote kwa mkupuo. Kompyuta hupata asilimia 25 ya bei kila mwaka, kwa miaka minne. Ikiwa ulinunua kwa 80,000 na nusu ya matumizi ni ya biashara, unadai 10,000 kwa mwaka. Mashine mpya ya boti nayo huingia upande huo huo wa makato ya mali, kwa kiwango cha kundi lake. Plagi, oili na ujira wa fundi ni matengenezo, na hayo hukatwa yote mwaka ule ule. Kosa tunaloliona sana ni mashine nzima kuandikwa kama “ukarabati”.

Kisha ushahidi. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) haikubaliki, isipokuwa chache zilizosamehewa kama mishahara na ada za benki. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha tu kwamba pesa zilitoka. Hausemi ulinunua nini. Mtajie muuzaji PIN yako ya KRA (namba ya mlipa kodi, si ile ya siri ya M-Pesa) kabla ya kulipa, si baada ya ankara kuchapwa. Kwa fundi mdogo ambaye mauzo yake hayapiti milioni 5 kwa mwaka na hatoi ankara, sheria inakuruhusu wewe mnunuzi uitoe. Mwombe PIN yake siku hiyo hiyo, maana akishavuka kwenda Mokowe kumpata ni taabu.

Ukijaziwa ritani saiba, kaa ubavuni mwa kijana anayekujazia na usome ukurasa wa faida na hasara kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho. Vijana wengine hutuma ritani ya sufuri, kana kwamba hukupata chochote, ili foleni isogee.

Umegundua ulidai kupita kiasi? Rekebisha ritani mwenyewe kwenye iTax, mtandao wa KRA. KRA wakikutangulia, adhabu ni asilimia 20 ya kodi iliyopungua, au 75 wakiona ulikusudia, pamoja na riba ya asilimia 1 ya kodi hiyo kila mwezi. Hati zinatakiwa ziwepo kwa miaka mitano. Risiti za mashine hufifia, na unyevu wa chumvi wa huku hauzihurumii, kwa hiyo zipige picha siku ya kununua na uandike kwa kalamu nyuma yake: safari gani, wageni wangapi.